Kompyuta Ni Yetu, Mbona Funguo Anazo Mwingine?



Shukrani zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaomfuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ndugu zetu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu wapenzi, tunaomba tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Ilikuwa siku ya kwanza ya Ramadhani, si miaka mingi iliyopita. Wanafunzi wetu walikuwa wamekaa kwenye majamvi, tende na uji mbele yao, wakisubiri adhana ya Magharibi. Wakati huo madrasa ilikuwa imepata laptopu yake ya kwanza, iliyokwisha kutumika, zawadi ya mzazi mmoja, Allah amlipe kheri. Fundi alituwekea ndani yake programu ya nyakati za swala, nasi tukaiunganisha na spika. Adhana ikalia. Mikono ikaenda kwenye tende. Ndipo mzee wetu mmoja, ambaye hajawahi kugusa kompyuta maishani mwake, akasimama mlangoni, akatazama upande wa magharibi, akasema kwa sauti: "Acheni! Jua bado!"

Tulitoka nje tukaona kwa macho yetu. Jua lilikuwa bado juu ya upeo, na mlima Kwaraa wote ulikuwa unang'aa. Watoto walirudisha tende kwenye sahani. Wakubwa wawili walikuwa wamekwisha kumeza, na baada ya Idi wakailipa siku hiyo. Sisi walimu tulibaki tunatazamana kwa aibu.

Usiku ule tulikaa na laptopu tukaitafuta sababu. Programu haikuwa na ubovu wowote. Ilikuwa imeelekezwa mji wa Dar es Salaam. Jua huonekana kuzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani kila nyuzi moja ni dakika nne. Kati ya Dar es Salaam na Babati kuna takribani nyuzi tatu na nusu kuelekea magharibi. Fanyeni hesabu wenyewe: ni kama dakika kumi na nne, zikiongezeka au kupungua kidogo kufuatana na msimu. Kwa hiyo adhana ile ilikuwa sahihi kabisa, lakini kwa mtu wa Kariakoo. Kwa mtu wa Babati ilikuwa ni kufuturu mchana.

Je, tumlaumu fundi? Hapana. Yeye alichagua mji mkubwa aliouona kwenye orodha, akaendelea na kazi nyingine. Lawama ni yetu sisi wenye laptopu. Tuliipokea, tukaiwasha, tukaiamini, wala hatukufungua hata siku moja ukurasa wa mipangilio yake kuuliza: wewe umeambiwa uko wapi, umeambiwa sasa ni saa ngapi, na nani amekuambia?

Hilo ndilo tunalotaka kulisema katika makala hii. Laptopu ikishaingia nyumbani au madrasa, mipangilio yake ya mwanzo, yaani saa, lugha, maneno ya siri, na namna inavyowaka, ifanywe na mwenyewe, watoto wakiwa pembeni wanaona, na iandikwe kwenye daftari. Asiachiwe mtu mwingine peke yake, hata akiwa fundi hodari na mwaminifu.

FUNGUO ZILIZOHAMA NA FUNDI

Pengine msomaji atasema jambo la tende ni dogo, limekwisha. Basi tuwasimulie la pili.

Fundi alipotupigia Windows, alifungua akaunti kuu yenye mamlaka yote, akaiwekea neno la siri lake mwenyewe. Sisi akatupa akaunti ya pili ya kutumia kila siku. Hakuwa na nia mbaya; ni mazoea ya kazi. Tukaendelea vizuri, tukaingiza majina ya wanafunzi, namba za simu za wazazi, karo, na alama za mitihani ya miaka miwili. Kisha siku moja akaunti yetu ikagoma kufunguka. Tukampigia fundi simu. Simu haipatikani. Tukaenda dukani kwake, tukakuta panauzwa chipsi. Tukaambiwa amehamia mkoa mwingine.

Ilikuwa wiki ya kutoa matokeo. Wazazi walikuwa wanakuja kuulizia, nasi tunawaambia subirini. Laptopu iko mezani, ni mali yetu, tuna risiti ya chaja na ya begi, lakini hatuna ruhusa ya kuingia ndani.

Alhamdulillah, kijana mwingine mwenye ujuzi alifungua skrubu za chini, akaitoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta yake, na ndani ya nusu saa kumbukumbu zetu zote zilikuwa mbele ya macho yake. Kwanza tulifurahi. Halafu tukaogopa. Kwa maana kama yeye amezisoma kwa bisibisi moja tu, bila kujua neno lolote la siri, basi mwizi angeweza kufanya hivyo hivyo. Tulikuwa tumefungiwa nje sisi wenyewe, na wakati huo huo mlango ulikuwa wazi kwa mgeni.

Na laptopu za siku hizi zimekuja na jambo jipya ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Nyingi zenye Windows 11 huigeuza diski kuwa maandishi ya siri zenyewe, bila kumwuliza mtu, pale zinapowashwa mara ya kwanza na kuunganishwa na akaunti ya Microsoft. Hii ni kinga nzuri, kwa kuwa ile hila ya bisibisi haifanyi kazi tena. Lakini ufunguo wa dharura wa kufungulia diski hiyo, wenye tarakimu 48, huhifadhiwa katika akaunti ile ile iliyotumika mwanzo. Sasa fikirini. Mzazi amenunua laptopu kwa ajili ya binti yake anayekwenda chuo. Hajui kufungua akaunti, kijana wa dukani anamwambia, "Mama, usihangaike, ngoja nitumie barua pepe yangu tumalize haraka." Binti anaandika kazi zake miaka mitatu. Siku laptopu inapotaka tarakimu 48, ufunguo uko kwenye barua pepe ya kijana wa dukani, ambaye huenda na yeye ameshasahau neno lake la siri. Kwa njia ya kawaida hakuna fundi wa kuifungua, si wa Babati wala wa Arusha. Kazi ya miaka mitatu inabaki imezikwa ndani ya diski nzima isiyo na ubovu.

Ndiyo maana tunauliza: kompyuta ni yetu, mbona funguo anazo mwingine?

SI JAMBO GENI KATIKA NCHI YETU

Vijana wetu wengi hawajui kwamba Tanzania iliwahi kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Serikali ilitumia kompyuta pale Hazina tangu miaka ya 1960. Mitambo ilitoka nje, na wataalamu wa kuiendesha walitoka nje. Hesabu za serikali zilipovurugika katika miaka ya mwanzo ya 1970, hasara ilikuwa kubwa, na mwaka 1974 ikatoka amri ya kuzuia kompyuta kuingizwa nchini isipokuwa kwa kibali maalumu. Sababu zilikuwa nyingi, lakini moja ni hii: chombo kilikuwa chetu, ujuzi wa kukiongoza ukawa wa watu wengine. Kwa miaka mingi baadaye nchi ilibaki nyuma katika elimu hii.

Watanzania hawakukata tamaa. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu ambayo maneno yake yote ya skrini yalikuwa ya Kiswahili, na ilitolewa bure. Windows nayo ikapata sura ya Kiswahili kuanzia toleo la XP. Wasomi wale walikaa wakatafuta neno la Kiswahili kwa kila kitu ili Mtanzania asiwe mgeni mbele ya kompyuta yake. Jitihada ile inatufunza kwamba mashine hukubali kuelekezwa na mtu yeyote anayejifunza kuielekeza. Haijui Mzungu wala Mgorowa.

YAPI TUYASHIKE WENYEWE

Hatuandiki kitabu cha mafunzo hapa. Tunataka tu kuonesha kwamba mambo yenyewe ni machache, na mwanafunzi wa darasa la saba anayaweza.

La kwanza ni saa. Laptopu nyingi zilizotumika huja na saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Sisi yetu ilikuwa nyuma kwa saa kumi na moja. Tuliisahihisha kwa mkono, tukaridhika, lakini kila ilipopata intaneti ilirudi kule kule. Kosa letu lilikuwa kusogeza mishale bila kubadili kanda ya saa. Kanda yetu ni ile iliyoandikwa Nairobi, saa tatu mbele ya saa ya dunia. Na kwa faida yenu, Makka nayo ni saa tatu mbele, kwa hiyo saa ya ukutani kwetu na ya kule ni moja, ingawa nyakati za swala zinatofautiana kwa sababu jua halifuati saa za ukutani.

Tarehe nayo ni muhimu. Ndani ya laptopu nyingi mna betri ndogo ya mviringo kama sarafu, ya volti tatu, inayotunza saa hata umeme ukikatika na betri kubwa ikiisha. Ikifa, tarehe hurudi miaka mingi nyuma kila ukiwasha. Hapo tovuti nyingi hukataa kufunguka, kwa sababu kompyuta hukagua kama cheti cha tovuti hakijapitwa na wakati, na yenyewe inaamini bado tuko miaka kumi iliyopita. Tumewaona watu wakinunua bando baada ya bando wakidhani intaneti ni mbovu, kumbe ni tarehe.

La pili ni akaunti na maneno ya siri. Akaunti kuu iwe ya mwenye mali: baba, mama, au mwalimu mkuu. Watoto wapewe akaunti ya kawaida, isiyoweza kuweka programu mpya wala kufuta za zamani. Hivyo mtoto atajifunza kwa uhuru, na akichomeka flashi yenye virusi madhara yatapungua. Neno la siri la akaunti kuu, pamoja na zile tarakimu 48 kama zipo, liandikwe kwa kalamu kwenye karatasi, litiwe bahasha, na bahasha iwekwe pale panapowekwa hati ya kiwanja.

La tatu ni namna laptopu inavyowaka. Kabla Windows haijaja kuna programu ndogo iliyo ndani ya mashine yenyewe, mafundi huiita bayosi. Huingiwa kwa kubonyeza kitufe fulani mara tu baada ya kuwasha: Dell, Acer na Asus kwa kawaida ni F2, HP ni F10, na Lenovo ni F1 au F2. Humo ndimo panapoamuliwa mashine itafute Windows wapi kwanza. Inatakiwa ianze na diski ya ndani. Ikiachwa ianze na flashi, basi siku utakayosahau flashi imechomekwa, laptopu itagoma kuwaka nawe utadhani imekufa, ukaipeleka kwa fundi ukalipa fedha kwa kuchomolewa flashi. Humo pia mtu anaweza kuweka neno la siri la kuwashia. Neno hilo likisahaulika, katika laptopu nyingi za sasa haliondoki kwa kutoa betri. Huenda ikakubidi umrudie mtengenezaji ukiwa na uthibitisho wa umiliki. Kwa hiyo ukinunua iliyotumika, omba iwashwe mbele yako na uingie bayosi kabla hujatoa fedha. Na kabla ya kubadili kitu humo, piga picha ya skrini kwa simu, na hakikisha ufunguo wa tarakimu 48 unao mkononi, kwa maana badiliko dogo la bayosi laweza kuifanya Windows iudai.

La nne ni programu zinazojiwasha zenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utaona orodha yake. Laptopu yetu ilikuwa inachukua dakika saba kuwaka. Tulikuta programu kumi na moja zinazoamka nayo, na tisa kati ya hizo hatukuwahi kuzitumia. Tukazizuia, ikawa inawaka kwa dakika mbili. Hatukununua chochote.

La tano ni bando. Ukiiunganisha laptopu na simu, yenyewe hudhani iko kwenye intaneti ya ofisi isiyokwisha, ikaanza kupakua mambo yake usiku. Iambie katika mipangilio ya mtandao kwamba muunganisho huu ni wa kupimwa. Itapunguza sana matumizi yake. Lakini usizizuie sasisho za usalama moja kwa moja. Chagua siku yenye bando la kutosha uziruhusu. Na mjue kwamba Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Anayeuziwa laptopu leo aulize ina toleo gani, na kama mashine inalimudu Windows 11, kwa sababu nyingi za zamani hazikidhi masharti yake. Zisizomudu si za kutupa. Zinaweza kuwekewa Linux, ambayo ni bure na ni halali.

La sita ni kwa ajili yenu wanafunzi wa madrasa: wekeni kibodi ya Kiarabu. Iko ndani tayari, haipakuliwi kwa fedha. Katika mipangilio ya lugha ongeza Kiarabu, kisha utabadilisha kwa Alt na Shift. Ukitaka mstari uanzie kulia, bonyeza Ctrl na Shift za upande wa kulia kwa pamoja. Miaka mingi tumekuwa tukiandika mitihani ya Kiarabu kwa mkono na kuitoa kopi, kwa kudhani kompyuta ya kuandika Kiarabu inaagizwa Dubai.

WANAOTUPINGA

Wapo ndugu wanaosema: kazi ya madrasa ni Qur'an, fiqhi na tabia njema, mambo ya bayosi yana nafasi gani? Tunawaheshimu, na tunakubaliana nao kwamba Qur'an ni ya kwanza. Lakini tuwakumbushe kwamba swala ina nyakati zake maalumu, na kuzijua nyakati hizo ni elimu ambayo Waislamu waliienzi. Ibn al-Shatir, mwanafalaki aliyefariki mwaka 1375, alikuwa ndiye mtunza nyakati wa Msikiti wa Umawiyya kule Damascus, na alichonga saa ya jua kwa ajili ya mnara wake. Hakusema kwamba kupima kivuli ni kazi ya mafundi wa mtaani. Hapa kwetu walimu wetu walitufundisha kupima kivuli cha fimbo kujua Adhuhuri na Alasiri. Sasa kama swala zetu na futari zetu tumezikabidhi kwa mashine, ni nani atakayeikagua mashine? Mzee wetu aliyesimama mlangoni alikuwa na elimu yake. Sisi tuliokuwa na laptopu hatukuwa na ya kwetu.

Wapo wanaosema: fundi yupo, kila mtu na kazi yake. Ni kweli, na mafundi wa mji wetu ni vijana wetu, tunawaombea riziki. Lakini hata ukimpelekea fundi cherehani kitambaa, unakwenda mwenyewe kupimwa. Humwambii, "Shona unavyoona, nitavaa." Kaa naye. Anapofika kwenye neno la siri, aandike mwenyewe mwenye mali. Fundi mwaminifu hatachukia. Atapumzika, kwa kuwa hatadaiwa siri ambayo hakuitaka.

Na wapo wanaosema: watoto wataiharibu. Ndugu zetu, watoto huharibu zaidi kile wanachokigusa kwa kuiba. Tulichagua wanafunzi wanne wa darasa la juu, wasichana wawili na wavulana wawili, tukawapa kazi ya kuisimamia laptopu kwa zamu. Kila badiliko wanaliandika: tarehe, kilichobadilishwa, kilikuwaje mwanzo, na nani amekibadili. Hadi tunaandika haya, haijaharibika. Na siku moja msichana mmoja kati yao ndiye aliyegundua kwamba saa imeanza kuchelewa kila asubuhi, akatuambia ile betri ndogo inakufa. Tuliibadilisha kwa bei ndogo kabla ya mwezi wa Ramadhani kuingia.

NI AMANA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi Waislamu tunayo aya ya deni, aya ya 282 ya Suratul-Baqarah, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'an, na inatuagiza kuandika makubaliano yetu ya deni, yawe madogo au makubwa. Kama jambo la fedha ndogo kati ya watu wawili limetiliwa mkazo kiasi hicho, vipi majina, namba za simu na alama za watoto wa watu? Hizo ni amana, na katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, tumeamrishwa kuzifikisha amana kwa wenyewe. Sheria ya nchi nayo inatutaka hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Madrasa haiwezi kujitetea kwa kusema fundi alihama.

Basi tunapendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili. Kwanza, kila familia yenye laptopu wikendi moja wakae pamoja, baba, mama na watoto, waifungue mipangilio wayapitie yale mambo sita. Mzazi asiyejua asione haya kumwambia mwanawe, "Nioneshe mwanangu." Pili, kila madrasa yenye kompyuta iwe na daftari lake na bahasha yake, na watu wawili, si mmoja, wajue bahasha iko wapi, kwa kuwa mauti hayapigi hodi. Tatu, kila inapokaribia Ramadhani, programu ya nyakati za swala ikaguliwe kama imeandikwa Babati, na jioni moja kabla ya mwezi kuandama watoto wapelekwe uwanjani walitazame jua likizama huku laptopu iko pembeni yao. Vikipishana, waaminiwe macho yao kwanza, kisha mashine irekebishwe.

Sisi tumefanya hivyo. Mzee wetu bado yupo, na kila siku ya kwanza ya Ramadhani husimama mlangoni pale pale akitazama magharibi. Mwaka uliofuata adhana ya laptopu ilipolia, watoto wote walimgeukia yeye kwanza. Akatazama, akanyamaza kidogo, akasema, "Bismillah, kuleni."

Tunamwomba Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa, awajaalie watoto wetu wawe watunzaji wa amana, na atusamehe tulipokosea kwa kutojua na kwa uvivu wa kutouliza. Aamin.